Nyumba ya Mama Ndani ya Kompyuta

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekufa tena kabla ya chai ya saa nne. Si kubaya. Unaanguka, giza kidogo, unaamka kando ya kisima, nguo kavu, viatu miguuni. Maalim wetu wa msikitini hajapata kunieleza habari za kufa kwa namna hii.

Mchezo huu wa kompyuta kauleta Sundus, mjukuu wangu, chuo kilipofungwa. Watu wa nti zote duniani wanaingia pamoja, kila mmoja kwa jina na umbo alilojichagulia. Wanapigana, wanalima, wanajenga. Unaandika kwa Kiswahili, mtambo unamfikishia Mbrazili kwa lugha yake. Mji wetu unaitwa Mji wa Chumvi. Mimi ni Shuaib Mkali, pande la mtu, kifua kama mlango wa bohari, goti haliumi. Sundus ni jitu lenye ndevu hadi kitovuni, shoka mgongoni, ndiye mkuu wa mji. Nyumbani ananibusu mkono na kunimiminia chai. Mle ndani ananifokea mbele za watu.

Kosa langu la leo: nilisalimia. Adui alitokea njiani. Mimi muungwana, nikamwandikia salamu, nikamuuliza hali yake, watoto, na mvua za kwao. Nilikuwa bado kwenye mvua aliponikata.

Sundus akaja kutoka chumbani kwake. Akasema, "Babu, wewe ni ukuta. Ukuta hausalimii."

Kisha akanionea huruma. Kanifundisha kwamba nikizidiwa na hamu ya kusalimia, nibaki kwenye daraja la mbele ya lango. Pale panga halitoki alani wala mshale hauruki. Ndiyo sheria ya mchezo, ili wachuuzi wapite salama. Nimeshika.

Halafu jua la mle likachomoza. Subhanallah! Kwanza ukingo wa mlima ukang'aa mwekundu, kisha paa moja moja, kisha ngome nzima, na watu wote uwanjani wakageuka kutazama kana kwamba wameitwa. Nikamwita mke wangu. Bi Swafiya akaja na mwiko mkononi. Akatazama sana. Akauliza nani anaufagia mji ule, mbona msafi.

Jumapili, 9 Novemba

Sasa niandike siri. Nimejenga nyumba mle. Na si nyumba yoyote! Nyumba ya mama, ile ya mtaa wa Mkomani hapa Lamu, Amu yetu, iliyouzwa mirathi ilipogawanywa. Ile ya kweli sasa ni hoteli ya Mzungu. Kiwandani, uani pale mama alipokuwa akianika nguo zetu, wamechimba bwawa la kuogelea. Nikisimama nje, mlinzi ananiuliza namtafuta nani. Nimezaliwa mle, namtafuta nani! Namwambia natafuta kivuli.

Kwenye mchezo mawe ni bure, mradi uchimbe. Nimechimba tangu pepo za kusi hazijakoma. Nimeanza na daka la mlangoni, baraza za mawe huku na huku. Kisha kiwanda. Kisha msana, ukumbi mrefu tuliokuwa tukilala watoto. Kisha chumba cha mama, chenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo. Nimevijaza vyote, kisibaki hata kimoja tupu. Sahani, mabuli, chetezo. Na juu kabisa, darini, kidari cha meko: jiko lenyewe, chini ya paa la makuti. Nyumba ya kiungwana moshi wake haupiti puani mwa wageni. Unaondokea juu, kimya kimya.

Leo Kemunto alibisha hodi. Ni muuguzi wa Kisii, mle ndani ni mpiga mishale. Nikamkaribisha mpaka chumba cha mama. Akasimama. Kimya. Nikadhani bando limemwishia.

Kumbe anatazama. Baadaye akaandika kwamba kazini kwake kelele hazikomi, na kwamba hajui kwa nini, lakini chumba hiki kimemtua moyo.

Nyumba isiyoshikika! Mama hakupata kuvuka bahari hata hadi Mokowe, bara hapo ng'ambo. Leo mtu wa milimani kapumzika chumbani mwake.

Jumanne, 11 Novemba

Balaa! Kunguru wametangaza vita. Hao ni kundi la watu wasiohesabika, kazi yao kuteka miji ya wenzao. Watakuja Ijumaa baada ya alasiri. Wakivuka daraja na kulichoma lango kabla saa ya mchanga haijaisha, mji ni wao, na kila nyumba inatiwa moto. Nilimuuliza Sundus kama ni kila nyumba. Kila nyumba. Nikamuuliza kama kilichoungua hurudi. Hakirudi.

Sikula vizuri.

Na kana kwamba hilo halitoshi, Uthman kaingia mjini. Huyu ni jirani yangu, mtu wa Chundwa, kisiwa cha Pate, alikuwa mkulima wa tumbaku. Hatujatembeleana majumbani tangu yale mashindano ya punda. Punda wake na wangu walifika pamoja. Watu wakasema wake katangulia kwa pua. Pua! Wangu alikuwa ameinama kwa adabu tu. Sasa kaniona nacheza barazani, kanunua simu kubwa kama sinia, kajiandikisha kuwa tabibu. Jina lake: Hakimu wa Chundwa, hakimu kwa maana ya tabibu.

Nilipigwa na nguruwe mwitu, nikamwita aniponye. Akaja taratibu. Akasimama juu yangu. Akaandika, mji mzima unasoma, kwamba ataniponya nikikiri punda wake ndiye aliyeshinda.

Nikafa. Kwa heshima zangu zote.

Lakini lazima niandike ukweli: nuru ilikuwa ikimtoka vidoleni. Ya kijani, inateremka kama maji. Uthman, asiyejua kuwasha hata stovu! Nilikuwa natazama mpaka nikaisha.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepata hila, na ni hila safi. Adui aliyekula kwako hawezi kukuchomea nyumba. Nikapika halwa, ya mle mchezoni, sinia zima. Nikaenda nayo kambi ya Kunguru bila silaha.

Mkuu wao ana kichwa cha ndege na mbawa zinazoziba jua. Alipozikunjua upepo ukalaza majani bonde zima. Nikasahau nilichokuja kusema. Nilipokumbuka, nikamwambia kwa upole kwamba mji auteke akipenda, lakini nyumba yenye daka la mawe, upande wa kisimani, ni ya mama. Na vita vikiisha, aje kula. Akala halwa. Akashukuru sana.

Nikarudi najiona balozi.

Jioni Sundus kaniambia Kunguru wameitia nyumba yangu alama nyekundu kwenye ramani yao. Wanadhani ina hazina. Itachomwa ya kwanza.

Bi Swafiya kauliza kama walirudisha sinia. Hawakurudisha.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeamka na jibu. Ng'ombe!

Zamani mji wetu ukiingiwa na maradhi au ukame, dume la ng'ombe lilizungushwa. Linatembezwa kuuzunguka mji wote, wanachuoni mbele wakisoma, watu nyuma, udi unafuka, mpaka linarudi lilipoanzia na duara linafungika. Kisha linachinjwa, nyama inagaiwa wote. Nililifuata dume lile nikiwa mdogo, nimeshika kanga ya mama. Sasa Mji wa Chumvi, kwa uzuri wake wote, haujapata kuzungushiwa ng'ombe. Ndiyo maana unaandamwa!

Baada ya adhuhuri nikamvizia Maalim Abdulhalim nje ya msikiti. Nikamuuliza kama dume lisilo na damu linafaa. Akaniangalia. Akauliza kama nimekula. Nikamweleza yote, kuanzia Kunguru mpaka halwa. Akafikiri, akasema dua ni ya mwenye kuomba, na ng'ombe tumwachie mwenye ng'ombe. Nimeihesabu kuwa ruhusa.

Uthman alikuwa anavaa viatu, masikio nje. Akadakia kwamba kwao dume huanzia kaskazini. Nikamwambia mji ule si Chundwa. Akasema wala si Amu. Nikakohoa.

Sundus nilipomweleza alifunga macho muda kidogo. Akasema sawa, Babu, zungusha. Ila akaniomba, tena aliniomba kwa adabu kabisa, nisilete ng'ombe langoni wakati wa vita.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku gani hii! Kalamu inaruka.

Baada ya alasiri Bi Swafiya katia udi kwenye chetezo, kakiweka kando ya kompyuta. Nikaanzia kisimani, kamba ya dume mkononi. Dua nasoma mwenyewe, kwa mdomo, hapa sebuleni. Nikadhani nitakwenda peke yangu.

Kemunto akajipanga nyuma. Kisha Wabrazili. Kisha jitu lenye mapembe, kisha mtu nusu samaki, kisha watu nisiowajua kabisa, wametoka kwenye kuta walikowekwa na Sundus. Wengine walidhani kuna zawadi iliyofichwa. Lakini hakuna aliyeuliza. Msafara ukarefuka mpaka nikageuka nisiuone mwisho. Wote mwendo wa ng'ombe, pole pole. Hakuna aliyekimbia. Watu wa nti nisizojua majina wanamfuata mtu aliyeacha skuli darasa la nne! Machozi yalinitoka. Nikausingizia udi.

Tukamaliza nyuma ya ngome, tukatokeza langoni, likabaki daraja. Tuvuke, turudi kisimani kwa njia ya mtoni, duara limefungika.

Darajani, upande wa pili, amesimama Uthman. Na dume lake. Na msafara wake.

Alianzia kaskazini, mwanaharamu. Daraja lenyewe wamelijenga kama kichochoro cha Amu: anapita punda mmoja na samahani moja. Pua ya dume langu ikagusa pua ya dume lake.

Nikamwandikia, "Rudi nyuma, Uthman."

Akajibu, "Dume halirudi nyuma. Likirudi, balaa linarudi nalo."

Na hapo, ajabu, alisema kweli. Ndivyo ilivyo, Amu na Chundwa. Kwa hiyo hakuna aliyerudi. Watu wangu nyuma yangu mpaka langoni, watu wake nyuma yake mpaka barabarani, na nyuma yao, vumbi. Kunguru.

Walifika wakakuta daraja limeziba. Wakachomoa mapanga, mapanga yakakataa. Wakavuta mishale, ikalala. Hawawezi kupita juu yetu, mbawa za mle ni pambo tu, wala chini yetu. Sundus kutoka chumba cha pili ananipigia kelele niondoe ng'ombe. Nikamjibu amwambie Uthman aondoe wake.

Mkuu wa Kunguru akaandika, kwa heshima, akiomba wazee watoe njia.

Sasa mtu kakusemesha kwa heshima, tena uko darajani, panga halitoki alani. Utafanyaje? Nikamsalimia. Nikamuuliza hali yake. Watoto. Mvua za kwao. Naye akajibu! Binti yake ana mtihani wiki ijayo. Mvua kwao hakuna, mabwawa yamekauka. Uthman akaingilia kumshauri habari ya kupanda mihogo. Yule naye akauliza mihogo hupandwa vipi.

Saa ya mchanga ikaisha.

Ngoma zikalia ngome nzima. Sundus akatoka mbio, kanikumbatia, kompyuta nusura ianguke. Kaniuliza kama nilifanya makusudi. Nikamwambia kila kitu nilikipanga tangu Jumatano.

Nyumba ya mama imepona. Ikipigwa na mwezi wa mle, chokaa inang'aa kama jino.

Jumamosi, 15 Novemba

Dume lililozungushwa sharti lichinjwe, nyama iliwe na wote. Nikatangaza karamu. Pilau, nyumbani kwa mama. Nikamwalika mji mzima, na mkuu wa Kunguru, maana nilimwahidi.

Sundus alipita akasema moto wa kupikia uwashwe uwanjani, kwenye mawe. Mle mchezoni moto una tabia yake. Nikamwambia mjukuu wangu, mambo ya ndevu na shoka nakuachia, mambo ya meko niachie mimi. Pilau ya wageni haipikiwi njiani kama ya safari. Nikapanda ngazi na nyama yangu mpaka kidari cha meko. Nikapanga mafiga. Nikawasha.

Moshi ulipanda wima. Mzuri! Nikakumbuka kifungua kinywa, nikakumbuka sauti ya kinu.

Makuti yakashika moto.

Paa, ngazi, msana. Boriti zinaanguka kwa mlio kama mizinga ya Idi. Chumba cha mama, zidaka moja moja. Niko katikati, Shuaib Mkali, kifua kama mlango wa bohari, sina hata kata ya maji. Kunguru kwa wingi wao wameshindwa. Mimi nimeweza peke yangu.

Wageni walisimama uwanjani, wamevaa vizuri. Mkuu wa Kunguru naye alikuja, mbawa zimekunjwa. Alikuwa ameshika sinia langu, karudisha, na matunda juu yake. Hakujua aliweke wapi. Akaliweka chini, pale lilipokuwa daka.

Bi Swafiya alitazama kioo, kisha akanitazama mimi. Kaifunga kompyuta. Kanikalisha, kaniletea uji.

Nyumba ya mama nimeipoteza mara mbili. Sina zaidi leo.

Jumapili, 16 Novemba

Sikutaka kuifungua. Sundus kaifungua yeye, kaniambia nitazame tu.

Mahali pa majivu palikuwa na mlima wa mawe. Usiku kucha kwetu, mchana kwao, watu wamechimba. Kemunto kapiga mstari wa mishale uwanjani kuonyesha ukuta wa nje ulipopita. Wabrazili wameleta boriti. Kunguru, maadui, wanakoroga chokaa! Walikuwa wananingoja, maana hakuna anayejua ramani. Wote wamesimama, vichwa vya ndege, mapembe, mikia ya samaki, wanangoja mzee mmoja wa Lamu awaambie mlango wa mamake ulikuwa wapi. Nimeishi miaka mingi. Sijapata kuona kitu kama hicho, wala sijui niseme nini.

Nikaanza. Daka hapa. Kiwanda pale. Wanajenga kwa kasi ya kutisha. Nikafika chumba cha mama nikakwama. Kichwa kimejaa moshi. Sikumbuki zidaka zilipangwaje.

Hodi mlangoni. Mlango wa kweli. Uthman, simu lake kwapani. Hajakanyaga kizingiti changu tangu punda. Bi Swafiya akamtolea kiti kana kwamba alikuwa hapa jana. Akakaa kando yangu, akavaa miwani, akatazama ule ukuta mtupu.

Uthman alikuja Lamu mdogo, kusoma chuoni, na alikuwa akilala kwetu msanani. Hilo nilikuwa nalijua. Hili sikuwa nalijua:

"Safu ya chini, cha mwisho mkono wa kushoto," alisema. "Kiacheni tupu. Mama yako hakupata kukitia kitu. Alinambia nisiweke msahafu wangu sakafuni kama mgeni, kile ni changu."

Mimi nilikijaza mabuli. Miaka yote nilidhani vyombo vilimpungukia.

Tukakaa. Chai ikapoa. Kwenye kioo kidaka kikachongwa, kidogo, kitupu, na watu wakajenga kukizunguka.

Nikaivuta kompyuta, nikaandika kwa herufi kubwa, mji mzima na Kunguru wote wasome, kwamba punda wa Uthman alishinda.

Uthman akasoma polepole. Akavua miwani akaifuta. Akasema kushinda, hata kwa pua, si kidogo.

Jumatatu, 17 Novemba

Nyumba imesimama! Nzuri kuliko ya kwanza. Asubuhi nimeketi mbele ya kile kidaka kitupu mpaka Bi Swafiya akaniuliza kama nimelala.

Nimetafakari habari ya punda. Jana nilikuwa na majonzi, na moshi ulikuwa haujanitoka kichwani. Kauli ya mtu mwenye majonzi si ushahidi popote duniani. Nimeandika masahihisho uwanjani: punda wa Uthman hakushinda, aliinuliwa pua. Uthman kajibu kwamba mara ijayo nguruwe anile mpaka kwato zangu. Kisha kauliza jioni nitakuwa barazani saa ngapi.

Jambo jingine. Watu wamekubaliana, bila kuniuliza, kwamba meko yawe chini, uani, juu ya mawe. Wamenijengea mazuri sana. Sundus kaniapisha. Nimemwapia.

Kisha wakaenda zao kupigana na joka, nikayabomoa. Meko uani, wageni wavute moshi! Mama angenitazama vipi? Nimeezeka makuti mapya darini, mazito zaidi. Nimepanga mafiga mahali pale pale. Kemunto kapita, kaniona. Kaweka ndoo ya maji kwenye ngazi, kaenda zake. Ya nini, sijui. Nimeisogeza isije ikamwangusha mtu.

Nimewasha moto mdogo tu, wa kujaribu. Moshi umepanda wima, juu ya ngome, juu ya mlima, watu uwanjani wamegeuka wote kutazama. Subhanallah, mji huu! Hata ukingo wa paa umeanza kung'aa, mwekundu mwekundu, unasambaa pole pole kwenye makuti.

Itakuwa jua linachomoza.